Mistari Minne Iliyokuwa Myekundu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Manjakkuzhi
Tarehe: 21 Julai 2022, saa nane na nusu mchana
Mbele ya: Inspekta Msaidizi Radhamani T.K.

Jina: Sobhana Velayudhan
Umri: miaka 43
Kazi: mpimaji wa programu za kompyuta, kampuni ya Neerazhi
Makazi: Kunnumpuram, nyuma ya soko la samaki

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni mwenyewe, sikuitwa. Afisa amenionya kwamba nitakayosema yanaweza kutumika dhidi yangu. Nimemwambia nimekuja kwa sababu hiyo.

Kazi yangu ni kupima programu zilizoandikwa na wenzangu. Programu ya king'ora cha mto iliandikwa na Jijo Kuriakose, umri miaka 29, ambaye tangu jana yuko mahabusu ya kituo hiki. Kila dakika programu hiyo husoma kipimo cha maji kilichofungwa mtoni chini ya bwawa. Maji yakipanda ghafla, inawasha king'ora ili walio mtoni watoke.

Afisa ameniomba nieleze tunavyopima. Programu ni mistari ya maandishi, na kompyuta huisoma mmoja baada ya mwingine. Sisi tunaiendesha ofisini kwa mito ya kubuni, mto wa kiangazi, mto wa mafuriko, huku chombo kingine kikiifuata nyuma na kuandika imepita mistari ipi. Mstari uliopitiwa hugeuka kijani. Usiopitiwa hubaki mwekundu. Mwishoni chombo kinatoa asilimia. Kijani maana yake ni kwamba programu ilipita hapo, basi. Hakisemi kama ilichofanya hapo ni sawa. Hilo nimewafundisha wageni wa kazi kwa miaka kumi na mitano, na wengine nimewagombeza mpaka wakalia.

Ofisini kwetu programu ikifika mia kwa mia hupikwa payasam, uji mtamu wa maziwa, na aliyeiandika ndiye anayepakulia wenzake. Mkuu wetu, Bwana Unnithan, alikuwa amewaahidi watu wa mto, yaani idara iliyoagiza programu, mia kamili. Programu ya Jijo ilikwama kwenye tisini na saba tangu Machi. Mistari minne, wa 212 hadi wa 215, ilikuwa myekundu. Yote ilihusu jambo moja, kwamba kipimo kikinyamaza, programu ifanye nini. Jijo alikuwa ameandika, kwa muda tu, kwamba kimya kihesabiwe sifuri, yaani mto uko chini na hakuna hatari. Alifanya hivyo apate kuendelea na sehemu nyingine. Nilimtania kwamba payasam yake ataila akiwa na mvi. Alinijibu, "Dada, hiyo nyekundu niachie. Nikiiona kila asubuhi nakumbuka sijamaliza. Ikipotea tu, nimesahau. Unanijua."

Mnamo Alhamisi, tarehe 12 Mei 2022, Jijo alikuwa likizo kwao milimani, dada yake akiolewa. Saa nane na nusu mchana Bwana Unnithan alikuja mezani kwangu. Alisema watu wa mto wanafika kesho yake saa nne asubuhi, na hataki kuona tisini na saba mbele ya wageni. Niliketi kwenye kompyuta ya Jijo. Alikuwa ameiacha wazi, kama tunavyofanya sote, ili asiyekuwepo asikwamishe aliyepo.

Nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kutengeneza mto wa kubuni ulionyamaza na kuupitisha kwenye ile mistari. Hapo ningeiona ile sifuri kwa macho, na ningelazimika kumwambia Bwana Unnithan kwamba programu haijaisha. Njia ya pili ni alama ndogo ambayo mtu huiandika mwishoni mwa mstari. Inakiambia chombo: huu usiuhesabu. Imewekwa kwa ajili ya mistari ambayo haiwezi kufikiwa kamwe. Niliiandika mara nne. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini alasiri. Mistari ile haikuwa kijani wala myekundu, ilitoka tu kwenye hesabu, na asilimia ikasoma mia. Kwa kuwa kompyuta ilikuwa ya Jijo, kumbukumbu ya mabadiliko iliandika jina lake kwenye mistari yote minne.

Nilimwogopa Bwana Unnithan. Pia nilitaka Jijo akirudi akute chungu jikoni, maana ninampenda kama mdogo wangu wa tumbo moja. Sijui lipi kati ya hayo lilinisukuma zaidi.

Mnamo Jumatatu, tarehe 16 Mei, Jijo alirudi na bati la biskuti za harusi. Payasam ilikuwa tayari. Alitazama asilimia, kisha akanitazama, upawa ukiwa mkononi. Aliniuliza, "Dada, ile ya kimya nani kaimaliza?" Nilimjibu, "Imekwisha. Pakua, watu wana njaa." Ananiamini, hakufungua kutazama. Alikula mabakuli mawili. Tangu siku hiyo mpaka masika yanaanza nilikuwa na wiki za kutosha kumwambia ukweli, na kila nilipotaka kusema niliona bado kuna kesho.

Mnamo Jumanne, tarehe 5 Julai, saa kumi na moja na dakika hamsini na nane alfajiri, kipimo cha mtoni kilifunikwa na matope kikanyamaza. Muda mfupi baadaye milango ya bwawa ilifunguliwa kwa sababu ya mvua. Saa kumi na mbili na dakika thelathini na tisa maji yalifika kwenye ngazi za kuogea. Bi Devaki, umri miaka 67, alikuwa pale akifua. King'ora hakikulia. Ndoo yake ilionekana siku hiyo hiyo, na yeye mwenyewe kesho yake.

Mnamo tarehe 7 Julai nilichukua kumbukumbu za asubuhi ile nikaziendesha upya kwenye nakala ya programu, chombo kikifuatisha kila hatua na saa yake. Mstari wa 212, wa 213, wa 214, wa 215. Dakika iliyofuata, tena. Mara arobaini na moja programu iliuliza mto, mto haukujibu, nayo ikaandika sifuri. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sisi tulikuwa tumekiandikia kwamba ni salama. Kwenye nakala hiyo nilifuta alama zangu nikapima tena. Ilisoma tisini na saba, na mistari minne ikawa myekundu pale pale Jijo alipoiacha.

Afisa ameniuliza kwa nini nilikaa siku kumi na nne na jambo hili. Niliogopa. Wanasema majuto ni mjukuu, na wangu amekwisha hamia nyumbani. Nikiosha mchele, maji yakianza kugonga sufuria, naanza kuhesabu na nikifika arobaini na moja nafunga bomba. Sisikii king'ora. Wenye hatia huambiwa watasikia sauti, lakini mimi nasikia kilivyonyamaza, na kimya hicho kipo kila chumba ninachoingia.

Mnamo tarehe 9 Julai nilikwenda nyumbani kwa marehemu. Mumewe, Mzee Kunjukrishnan, alinikaribisha chai akidhani natoka serikalini. Alisema mkewe hakuwa mzembe. Kila siku alisimama ngazi ya juu kwanza akasikiliza, kwa sababu waliambiwa kwenye mkutano kwamba king'ora kisipolia, mto ni wao. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, kwani king'ora kiliharibika?" Nilimwambia, "Hapana baba, hakikuharibika." Alitikisa kichwa akaniongeza chai. Niliinywa yote, kwa aibu ya kuiacha.

Jana, tarehe 20 Julai, polisi walimchukua Jijo ofisini kwa sababu jina lake ndilo lililo kwenye alama zile. Bwana Unnithan alituambia turudi kazini. Nilisikia kwa wenzangu kwamba Jijo amekiri.

Leo saa saba mchana nilimletea chakula hapa kituoni. Nilimuuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini hakuwaambia kwamba mimi ndiye niliyemjibu imekwisha. Alisema, "Sifuri niliiandika mimi, dada. Sikuifuta kwa wakati." Nilimwambia alama si zake, na anajua. Alisukuma sahani pembeni. "Mimi sina mke wala mtoto. Wewe nenda, wanao wanatoka shule saa kumi." Ndipo nikaelewa kwamba hajasahau hata neno moja la siku ile ya payasam, na kwamba mtu niliyekuja kumfariji alikuwa ameamua kufungwa kwa niaba yangu.

Nilitoka mpaka getini. Kisha nikarudi nikamwomba afisa karatasi.

Kumbukumbu ya mabadiliko inaonyesha tarehe 12 Mei, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Saa hiyo Jijo alikuwa kanisani kwao, amesimama karibu na padri mbele ya wageni mia tatu, na picha zipo. Alama zile nne ni zangu. Niliziweka nikijua zinaficha nini.

Nilichokiona na nilichokitenda ni hicho. Nimesomewa maneno haya yote, ni yangu na ni ya kweli, na hakuna aliyenishurutisha.

Sahihi: S. Velayudhan

MAELEZO YA AFISA: Shahidi alionywa mara mbili na kupewa nafasi ya kubadili maneno yake. Hakubadili. Amewekwa chini ya ulinzi saa kumi na dakika tano alasiri. Kwa idhini ya mkuu wa kituo, Jijo Kuriakose ameruhusiwa kwenda nyumbani hadi atakapoitwa. Ameelezwa sababu. Ninapoandika haya ni saa kumi na mbili na robo jioni, bado ameketi kwenye benchi la mapokezi, na amekataa kuondoka.

Radhamani T.K., Inspekta Msaidizi