Nilikufananisha, Dada

Jumatatu, 10 Februari
Tumbaku tangu asubuhi. Mikono inanata, sabuni haifui dafu. Bani la kukaushia limejaa nusu tu, na majani hayasubiri mtu. Mama amekaa mlangoni na mguu wake uliovimba, anakosoa ninavyotunga majani kwenye vijiti.

Mchana mama mdogo Konsolata amepiga kwa simu ya jirani yake, kutoka Rumonge. Vita vya Kongo vimesogea, milio ya mizinga inasikika ng'ambo ya ziwa, wakimbizi wanamiminika Burundi. Wengine wanasema mpaka utafungwa. Yuko peke yake tangu afiwe na mume. Mama hakuniomba. Alisema tu, "Utaenda kumchukua mdogo wangu." Nimenuna. Nimekubali.

Jumatano, 12 Februari
Rumonge. Nimefika nimechoka kama punda. Mama mdogo kanikumbatia barabarani, watu wanatazama. "Mwananje!" Mwanangu. Hivyo ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mdogo Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi. Mama akiwa shambani, yeye ndiye aliyenibeba mgongoni. Kisha yeye na mumewe wakachagua kurudi Burundi, sisi tukachukua uraia wa Tanzania. Nililia wiki nzima.

Amefunga kila kitu kwenye kitenge kimoja. Karatasi yake ya kusafiria anayo, ameikunja ndani ya Biblia. Kila milio ikisikika anashika mkono wangu. Nimemwambia asiogope, niko naye. Nimesema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ijumaa, 14 Februari
Tumefika mpakani asubuhi. Mvua. Foleni haina mwanzo. Mama mdogo nyuma yangu, kitenge kichwani.

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Afisa alikuwa kijana mpole tu, anakunywa soda. Akaniuliza, "Mama, wewe ni Mtanzania?"

Nikajibu, "Ego."

Ego! Ndiyo ya Kirundi. Siku mbili nimeongea Kirundi na mama mdogo, ulimi ukaniponyoka. Nyuma yangu mtu akacheka. Afisa akainua kichwa. Mimi nikawa tena yule mtoto wa shule pale Mpanda mjini, wenzangu wananiimbia, "Ego, ego, rudini kwenu!" Kitambulisho kilikuwa mkononi, halali kabisa. Nikakikumbatia kifuani kama mwizi.

Mama mdogo akaniona. Akanigusa bega. "Mwananje..."

"Huyu mko wote?" afisa akauliza.

"Hapana. Simjui."

Mkono ukatoka begani. Kisha nikasikia Kiswahili safi, kile cha Katumba alikoishi zaidi ya nusu ya umri wake. "Samahani, dada. Nilikufananisha."

Afisa akaniruhusu. Kitambulisho hata hakukikazia macho. Nikamsikia akimwuliza, "Bibi, nani anakupokea huku? Nataka jina la mwenyeji tu." Mama mdogo akajibu, "Sina mtu hapa."

Jina la mwenyeji tu! Ningesema mimi hapa, tungevuka wote. Wakampeleka kwenye mahema, akae na wasio na mwenyeji. Niliona kitenge kikienda. Niliiambia miguu yangu irudi, ikaenda kwenye basi la Kasulu. Mimi ni mwoga. Hakuna neno jingine.

Jumamosi, 15 Februari
Nyumbani. Nimemwambia Mama tumepoteana kwenye foleni. Akaniamini, na hilo ndilo baya zaidi. Akaanza kulia, "Na mvua hii, atalala wapi?" Nikaenda banini nikachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Jumapili, 16 Februari
Kanisani wamewaombea walioko mpakani. Mama akasimama akamtaja mdogo wake kwa jina. Watu wakanigeukia kwa huruma, mmoja akanishika mkono: "Pole, ulijitahidi." Nikasema asante.

Mkataa kwao mtumwa. Nimevaa kanga yenye maneno hayo miaka yote, nikifikiri inawasema wengine.

Jumanne, 18 Februari
Kesho narudi mpakani kumtafuta. Nitasema ni mama yangu, kwa Kiswahili na kwa Kirundi, mbele ya foleni nzima. Nimeshafunga begi.

Baadaye. Mwenyekiti wa kijiji amekuja. Amepigiwa simu kutoka kwenye mahema. Mama mdogo amemtaja Mama, mwenyekiti amethibitisha, wamemruhusu. Yuko kwenye basi la kuja Mpanda. Mama kapiga vigelegele hadi majirani wakaja. Mimi nimefungua begi nikarudisha nguo moja moja. Hata kurudi nimechelewa.

Jumatano, 19 Februari
Amefika. Amekonda, ana kikohozi cha kulala chini penye unyevu. Mama kamng'ang'ania shingoni. Mimi nikasimama na ndoo ya maji ya kuoga, sijui pa kuiweka.

"Na mwanangu huyu mlipoteana vipi?" Mama akamwuliza.

Nikasubiri. Nilitaka aseme. Naapa nilitaka.

"Watu walikuwa wengi," akajibu. Akachukua ndoo. "Asante, dada."

Mama akacheka hadi akashika mguu. "Dada! Konsolata, umezeeka, umesahau watoto wa dada yako!"

Mama mdogo akacheka naye.

Ijumaa, 21 Februari
Nilimfuata uani akianua nguo. Nikasema nisamehe. Akasema, "Mtu mwenye hofu simlaumu. Mimi pia nimekimbia mara nyingi." Akanipa shuka nimsaidie kukunja. Tukakunja. Kuniita jina langu, hapana. Mwananje, hapana.

Jumapili, 23 Februari
Mvua imekata. Bani limejaa tena, majani yameanza kuwa ya njano. Mama mdogo kapika maharage na ndizi kama zamani. Kikohozi kimepungua. Tumekaa mkekani watatu.

Akaonja. "Dada, niletee chumvi."

Mama hakucheka safari hii. Akanitazama mimi, akamtazama yeye.

Nikainuka. "Ego, mama," nikasema.

Hakunitazama. Alipokea chumvi, akatia kidogo, akaendelea kula.