Mwami Wetu Si Chifu

Keza mjukuu wangu,

Mama yako ameniambia asubuhi hii kwamba Ijumaa utaeleza darasani kwa Kiswidi, huko Umeå, chama cha kwanza cha wafuasi wa mwami, mfalme wa Burundi. Nimefurahi mno! Huku kusini, Tumba, tu wazima, na bibi yako anakusalimu.

Unauliza waliwezaje kutaka uhuru na mfalme pamoja. Nilikuwa mwandishi kijana Bujumbura walipofanya mkutano wao wa kwanza wa hadhara. Mwandishi mwenzangu Fosta, mtu wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, ambako mwami ni chifu tu, alicheka kwa sauti: "Ndugu yangu, kwetu kila kilima iko na mwami! Chama ya chifu ni ya nini?"

Msemaji akamsikia. "Wetu ni mmoja, bwana mdogo! Mbelgiji anasema yeye ndiye aliyeunda nchi hii. Mwami alikuwepo kabla yake. Tutajitawala kwa kura, na mwami atabaki kuwa alama yetu."

Uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Fosta akafuta "chama cha machifu" kwenye habari yake.

Yaliyofuata unayajua: uhuru tuliupata, na miaka minne baadaye wanajeshi wakamwondoa mwami. Wewe usiseme "hövding", yaani chifu, watadhani ni ugomvi wa vijiji. Sema "kung", mfalme. Waswidi wana mfalme na wanapiga kura, kwa hiyo watakuelewa.

Nipigie Alhamisi jioni, unisomee kwanza kwa Kiswahili.

Babu yako