Maziwa Niliyokuletea Wodini

Isiolo

Abaayo Halima, mdogo wangu uliyenitangulia,

Salaam aleikum huko uliko. Mwalimu jirani ananiandikia, maana mimi kalamu siijui. Nimemkataza kurembesha. Ninaogopa. Aandike hivyo hivyo.

Uvimbe uliokuua wewe sasa uko kwangu, titi la kushoto. Jumapili nashuka Nairobi na lori la mifugo, Jumatatu naanza ile dawa ya mshipani. Daktari amenieleza mengi, lakini nasikia sauti yako tu. Ulisema siku ya kwanza unakaa, dripu inatiririka, unajiona shujaa. "Ngoja jioni," ukasema, "utatapika mpaka jina lako." Ulisema chai itakuwa na ladha ya msumari, mdomo utatoka vidonda, nywele zitabaki kwa mto kama umelala na mbuzi. Ukavua shela, ukanionyesha kichwa. "Haya dada, nisuke!"

Tulicheka mpaka nesi akaja. Akaniambia, "Mama, asipewe maziwa mabichi. Dawa hii inamaliza nguvu ya damu, kidudu kidogo tu kinamwangusha." Nikaitikia. Moyoni nikasema ya kwetu si mabichi, kibuyu kimefukizwa moshi. Na kwetu kuchemsha maziwa ya ngamia ni kuyaharibu, wewe unajua. Kesho yake nikayaingiza chini ya buibui. Ulikunywa umefumba macho. "Leo hakuna msumari," ukasema.

Baada ya siku mbili homa ikakupanda. Siku ya tano nikakuosha, nikakuvisha sanda.

Nesi aliniuliza ulikula nini. Nikasema uji. Uji, Halima!

Sijui kama ni yale maziwa. Sijawahi kuuliza mtu. Jumatatu nitamwuliza daktari, kabla hajanidunga, na jibu lake naliogopa kuliko sindano. Nikitapika nitatapika. Nywele zikienda, ziende. Lakini nikikufuata, nitakuangalia na uso gani?

Leo wajukuu wameniletea kibuyu cha maziwa kutoka Kulamawe. Nikayamimina kwa sufuria, nikayachemsha mpaka yakafura. Wakanipigia kelele mimi bibi yao, "Ayeeyo amechanganyikiwa!" Nikawaambia wanyamaze, nikanywa.

Hayana utamu hata kidogo, abaayo. Nimemaliza yote.

Nisamehe sasa, usingoje nije.

Mimi dada yako mkubwa, mwenye kibuyu.