Gunia la Mama Kulwa

Jumanne, 2 Agosti 1983
Uani kabla ya jua. Mateke ya mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Mama Kulwa ameshika gunia kama kila asubuhi, kanga imefungwa kiunoni, uso kaugeuza pembeni asile vumbi. Gunia limejaa pumba za mpunga. Baadaye chai ya rangi bila sukari. Sukari haipatikani mjini. Tukaongea habari za Kulwa na Doto, ambao wako shule ya bweni, na za jogoo wa jirani. Ndiyo saa yetu pekee. Mchana niko kazini au safarini, jioni yeye yuko zamu hospitali ya Kolandoto, wodini.

Leo nilimwambia. Kijana mmoja amefungua shule ya karate katika ghala la zamani la pamba, karibu na reli. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, alfajiri. Nataka kwenda.

Alisema, "Nenda." Akainuka kuosha vikombe.

Alhamisi, 4 Agosti
Sababu, niiandike nisijidanganye. Mwaka juzi nilikwenda Geita kuandika habari za wachimbaji wadogo. Wanunuzi wa dhahabu ya magendo walinivunja ubavu na kuchukua kamera. Mama Kulwa aliniuguza. Nilipopona nilinunua kitabu cha karate chenye picha, yeye akashona gunia. Sasa mhariri anataka nirudi Geita mwisho wa mwezi huu. Kitabu hakijawahi kunirudishia ngumi.

Jumatatu, 8 Agosti
Darasa la kwanza. Mwalimu anaitwa Shabani, fundi mitambo wa kiwanda cha kuchambua pamba. Angeweza kuwa mwanangu. Mlangoni aliniamkia shikamoo kwa heshima zote. Ndani akaniamuru nipige pushapu mpaka aseme basi. Hakuharakisha kulisema.

Vitambaa vyeupe havipo madukani. Mama Kulwa alinishonea vazi kwa mifuko ya unga wa ngano. Alikesha nalo, ingawa hakupenda niende. Maandishi hayakutoka kwenye kufua. Mgongoni nimeandikwa UNGA.

"Mzee, wewe kilo ngapi?" aliuliza mmoja nyuma. Ghala zima likacheka. Na mimi nikacheka.

Ijumaa, 12 Agosti
Leo tulipiga mfuko unaoning'inia. Shabani alinitazama muda mrefu, mikono nyuma.

"Mzee, mguu wako unarudi kabla haujafika. Gunia la nyumbani ulilonisimulia umelifunga wapi?"

Nikasema halijafungwa. Mke wangu hulishika.

Hakucheka. "Basi miaka yote hii umejifunza kutomwumiza mama. Jambo jema sana. Ila siyo karate."

Amekataza mazoezi ya nyumbani kabisa. Anasema kila asubuhi ya uani inabomoa asubuhi mbili za ghalani.

Ni kweli. Picha zilikuwa kitabuni, lakini mguu ulikuwa unamwangalia yeye. Sikujua. Nimeaibika, na sijui kwa nini nimefurahi kidogo.

Jumamosi, 13 Agosti
Nilimweleza Mama Kulwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilipotoka sokoni nilikuta pumba zimemwagiwa kuku na gunia limefuliwa, liko kambani. Chai nilikunywa peke yangu. Iliniuma.

Jumatano, 17 Agosti
Tatizo jipya. Hakuna anayenipiga.

Niliwekwa na Masanja, mpakia marobota, kiganja kama jembe. Ngumi yake ilikuja vizuri kabisa, ikasimama mbele ya kifua changu. Akainamisha kichwa kama anayepokea kitu kwa mkubwa.

"Piga," Shabani alisema.

"Mwalimu, huyu ni sawa na baba. Mkono umekataa."

Wakaletwa wengine. Wote wanasema samahani mzee kwanza, halafu wanagusa. Asubuhi nzima niliamkiwa. Sikupigwa.

Ijumaa, 19 Agosti
Shabani alinibakiza baada ya darasa. Alikuwa anafagia nyuzi za pamba na aliongea bila kusimama. Ijumaa ijayo ni mtihani. Nikishindwa, ataniondoa.

"Siwezi kukuacha uende Geita ukidhani unajua. Watakuua, mzee wangu, na mimi nitakuwa ndiye niliyekudanganya. Hujui kupigwa, ndiyo maana hujui kupiga. Tafuta mtu asiyekuamkia."

Nimefikiria jioni yote. Wamebaki wawili. Mmoja ni mhariri, yuko Dar es Salaam. Mwingine aliniambia wiki ya harusi kwamba hawezi kumwamkia mtu ambaye yeye ndiye atakayekuwa akimfulia soksi.

Jumapili, 21 Agosti
Mama Kulwa alikuwa anachambua choroko.

"Nikupige wewe?"

"Mimi nishike gunia, wewe upige."

"Baba Kulwa, utanisingizia ubavu."

Lakini aliweka ungo chini. Pumba zimeliwa na kuku, kwa hiyo tulijaza sare za watoto za zamani, zilizowabana. Alizipanga moja moja. Nyingine aliinusa kwanza.

Teke la kwanza lilikuwa la mzaha. La pili sikuliona. Nilikaa kwenye majivu ya jiko, gunia mapajani.

Hakusema samahani. Alisema, "Hilo ni la Geita."

Nikasimama. Akapiga tena. "Hili la ghala."

Aliendelea. Mengine hayakuwa na jina. Mwisho alikuwa analia na kupiga, kisha anapiga tu. Sikumzuia. Nilishika gunia. Kila teke lilipofika niliona nilichomfanya asubiri tangu mwaka juzi. Hakuwahi kuniambia aliogopa. Mimi ni mtu wa kuuliza maswali, na hilo sikuliuliza.

Ijumaa, 26 Agosti
Mtihani. Masanja aliombwa kushika ngao ya turubai. Mguu wangu ulifika. Alirudi nyuma hadi ukutani, akashangaa, akacheka. Kisha zamu yake. Alinipiga kifuani, sawasawa. Samahani ilikuja baadaye, siyo kabla.

Shabani alisema neno moja. "Umefika."

Akauliza ni nani aliyenipiga. Nikamwambia. Akasema nimsalimie mama, na kwamba uani sasa ni ruksa.

Jumanne, 30 Agosti
Basi la Geita ni kesho. Leo siyo siku ya darasa. Tulikuwa uani kabla ya jua. Nilishika mimi kwanza, kisha yeye. Alinikumbusha mara mbili nisimhurumie. Nilijitahidi.

Vazi lenye UNGA liko ndani ya begi, chini ya daftari. Yeye ndiye aliyelikunja. Sikumwahidi kitu kuhusu Geita, wala hakuomba ahadi. Nilimwuliza kama anaogopa. Alisema ndiyo. Nikasema na mimi.

Chai ilikuwa na sukari. Hakusema ameipata wapi. Nilikunywa polepole, sikuuliza.