Majani ya Pipa la Baba

Mdogo wangu Shigeo,

Hujambo huko ugenini? Hapa Minoh mlima umewaka wote kwa majani ya vuli, mwekundu kutoka kileleni hadi mtoni. Mama alitoka kibandani petu pa kukaangia na mwiko mkononi, akaduwaa akiutazama.

"Mwone baba yako," akaniambia. "Kafa, na bado anajionyesha!"

Kisha akafungua pipa alilolikwepa tangu msiba. Ni yale majani ya momiji, miti hiyohiyo ya mlimani, aliyoyachuma Baba mwaka jana, yakiwa ya manjano, akayatia chumvi yangoje mwaka. Tumeyakaanga kwa unga na ufuta. Wateja hatukuwauzia hata moja; haya ni yetu.

Nakutumia fungu lako. Hukuja mazishini, na tangu siku ile Mama hakutaji. Ila fungu hili kalifunga yeye.

Dadako,
Chizuru