Karatasi Ulizoniagiza Nipeleke Mtoni

Papa Saidi, mwalimu wangu,

Nakuandikia mezani kwako, ila kiti chako sijakikalia. Nimekaa kwenye kile kibao changu cha uanafunzi, na mgongo unauma kama zamani.

Nina jambo la kuungama. Ulikuwa ukinicheka kwamba mimi Mkatoliki nikiharibu herufi moja tu, nakimbilia kwa padri. Safari hii padri hanisaidii.

Siku tatu kabla hujatuacha ulinishika mkono pale hospitalini ukasema, "Kahindo, ile gunia yote utaipeleka mu maji. Usibakishe ata moja." Nikaitika. Sababu niliijua: karatasi yenye jina la Mungu haitupwi jalalani wala haifungiwi karanga, hupewa maji yanayotembea. Na wewe, miaka yote uliyobuni herufi za Kiarabu, kwanza kwa brashi, kisha kwenye kompyuta yetu inayozimika kila umeme ukiyumba, kila herufi uliijaribu ndani ya Bismillahi. "Herufi inashikana mukono na jirani," ulisema. "Ukiichora peke yake, itakudanganya." Ndiyo maana gunia lilijaa haraka, tukawa tunapanda mtumbwi wa kuvukia Lubunga, ng'ambo, na katikati ya mto unamwaga. Mpiga kasia mmoja aliuliza kama ni uchawi. Ukamjibu, "Hapana, iko kazi tu."

Lakini gunia hili la mwisho, Papa, lilikuwa na michoro ya herufi za kitabu cha watoto wa madrasa. Kwenye kompyuta ulikuwa umefika nusu. Ningelimwaga, mkono wako ungekwenda na maji. Sikuweza. Nililificha chini ya kitanda changu. Na mkeo, Mama Zaina, aliponiuliza, nilimtazama machoni nikasema, "Nilishapeleka, mama." Aibu ile ninayo mpaka leo.

Nimefanya kazi miezi minane. Mimi, binti wa muuza jumla aliyetoka Butembo! Baba bado anawaambia wateja wake kwamba najifunza "makompyuta", basi. Nilifuata kila mkunjo wa kalamu yako. Ile herufi yako ya nun yenye tumbo, nilitamani kuikondesha, nikaiacha na tumbo lake. Sasa kitabu kimechapwa, na watoto wanakisoma kwa makelele, kila mmoja anataka kumaliza mstari kabla ya mwenzake.

Nilimpelekea Mama Zaina nakala. Akapitisha kidole juu ya mstari wa kwanza mpaka mwisho wake. Kisha akasema, "Huyu ni papa yenu kabisa." Halafu akaniinulia macho. "Donc, kumbe haukupeleka."

Nililia, Papa. Hata siku ya mazishi sikulia vile. Hakunigombeza. Alisema tu, "Bon, sawa. Leta gunia. Tutaenda wote."

Jana tulikaa mkekani tukapitia karatasi moja moja, kwa sababu alitaka kuziaga. Alizisoma zote kwa sauti ndogo. Mimi nilikuwa nazipanga na kufuta kamasi.

Kesho asubuhi tunavuka. Nakuahidi nitazimwaga kwa mkono wangu mwenyewe, na sitageuza uso mpaka ya mwisho izame. Kazi pia sitaiacha, na uongo kwa Mama Zaina sitarudia tena.

Ila kuna karatasi moja tuliikuta chini kabisa. Umeandika jina langu mara saba, moja chini ya jingine, umekata, umerudia, mpaka la saba likakaa sawa. Hukuwahi kunionyesha. Nilidhani unaniona mkono wa kusaidia tu. Mama Zaina ameisoma mara mbili kuhakikisha kwamba jina la Mungu halimo. Halimo. Nimo mimi tu.

Ulisema nisibakishe hata moja. Nisamehe, Papa, hiyo naibakisha.

Pumzika salama.

Kahindo wako