Shangazi Amekubali Salamu

Jumamosi, mwishoni mwa Agosti. Kasulu imeamka na ukungu na baridi ya kuvaa sweta mbili, mchana likawaka jua na vumbi juu yake, na sasa ni jioni, naandika huku mikono inanuka farasi. Sijanawa makusudi.

Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Niliseme kwanza jambo lenyewe, maelezo yatafuata, maana nikianza kupanga mambo vizuri nitapasuka.

Shangazi amebeba mtu!

Wewe uliyepita hapa kwa mara ya kwanza, karibu. Mimi ni mwalimu wa kupanda farasi. Ndiyo, hapa hapa Kasulu. Ndugu zangu wa Arusha wakisikia wanacheka, wananiuliza kama siku hizi nafundisha watu kupanda mbuzi. Farasi wenyewe wapo wawili tu, mali ya Baba Yoramu, fundi cherehani wa siku nyingi ambaye sasa ana duka la suti na magauni ya harusi. Aliwaleta ili bwana harusi afike kanisani juu ya farasi, watu wabaki midomo wazi. Siku zisizo na harusi mimi nafundisha: walimu, madaktari, watumishi waliohamishiwa huku ambao wamechoka Jumamosi zao kuwa za kufua tu. Banda letu liko juu kwenye mikaratusi, mbali na mabonde, kwa sababu kule chini kuna mbung'o na farasi hawawezi ugonjwa wake.

Shangazi ni yule jike wa kijivu. Jina nilimpa mimi. Anakutazama kama shangazi aliyefika kwenye kikao cha posa akakuta chai bado haijachemka.

Mwezi wa sita tulimpeleka kwenye harusi Kibondo. Bwana harusi alikuwa kijana mzuri, suti nyeupe, lakini hajawahi kukalia hata punda. Tulipofika lango la kanisa akina mama wakaangusha vigelegele na makofi, Shangazi akashtuka, na yule kijana kwa hofu yake akavuta hatamu kwa nguvu zote alizojaliwa. Lijamu, kile chuma kinachokaa mdomoni mwa farasi, kikamchana pembeni ya mdomo. Shangazi akasimama kwa miguu ya nyuma. Bwana harusi akaingia kanisani kuoa akiwa na vumbi jekundu mgongo mzima.

Watu walicheka. Mimi nilikuwa naangalia damu kwenye mdomo wa Shangazi, na sikuweza kucheka.

Toka siku hiyo akawa hataki mtu. Ukisogea na tandiko anakugeuzia makalio, ukiinua mkono karibu na uso anarusha kichwa. Baba Yoramu akasema dawa yake ni lijamu kali zaidi, akalinunua, akalitundika kwenye msumari mlangoni mwa banda. Nilimwomba sana. Mwisho akanipa mpaka leo: kama leo yeye mwenyewe hataweza kumpanda, Jumatatu lori linampeleka Kahama kwa mtu anayetafuta farasi wa kuvuta mkokoteni.

Huyo mtu wa mkokoteni hangemsubiri apone woga. Angempiga tu mpaka avute. Wiki nzima nimekuwa nikila chakula bila kujua ladha yake.

Kwa nini nakataa chuma? Baba yangu alikuwa saisi, mtunza farasi kwenye shamba moja kule kwetu, na mimi nilikulia zizini. Nilifundishwa kama wote: piga kisigino, vuta, onyesha fimbo, farasi ajue nani bwana. Halafu akaja pale shambani mwalimu mmoja, bibi mgeni mwenye mgongo uliopinda. Siku ya kwanza akachukua uzi wa kushonea, akafungia hatamu zangu kwenye pete ya kamba ya kichwani mwa farasi. Akaniambia, uzi ukikatika, shuka. Weee! Nilishuka mpaka miguu ikauma. Alisema huo ni ufundi wa kale, mabwana wa zamani waliutumikia miaka na miaka ili mikono yao iwe myepesi, kwa sababu farasi anasikia unavyokaa na unavyopumua kabla hajasikia mkono wako. Nilimchukia bibi yule. Nililia nikijificha nyuma ya marobota ya majani. Mpaka asubuhi moja niligeuza kifua tu, kidogo, na farasi akageuka pamoja nami, na uzi uko pale pale unaning'inia.

Siku ile ndiyo iliyonifanya mwalimu.

Lakini uvumilivu sikuutoa Arusha. Uvumilivu nimeupata hapa, tena kwenye salamu. Nilikuja na haraka zangu, "mambo, poa," huyo nimepita. Waha, wenyeji wa huku, hawasalimiani hivyo. Mtu anasimama, anainama kidogo, anapiga makofi yale ya taratibu ya heshima, anakupa mkono na hauachii, anauliza umeamkaje, wa nyumbani wameamkaje, mvua, maharage, mgonjwa wa jirani, na wewe unauliza yote hayo kwa zamu yako. Mama jirani yangu aliwahi kuniambia, "Mwalimu, we unasalimia kama mtu anayefukuzwa." Niliona aibu, nikajifunza.

Basi baada ya Kibondo, asubuhi moja nimetoka kusalimiana na yule mama njiani mpaka chai imepoa kwenye chupa, naingia uwanjani kwa Shangazi na kamba mkononi, namwendea moja kwa moja. Akanigeuzia makalio. Nikasimama. Nikajiuliza, huyu nimemsalimia saa ngapi?

Nikaanza upya. Naingia, nasimama pembeni, mkono chini, kimya. Akija kuninusa, vizuri. Asipokuja, natoka, nitarudi baadaye. Kamba ya kichwani ikakubalika, bila chuma chochote. Tandiko likakubalika. Siku moja nikajilaza juu ya mgongo wake kama gunia, akaendelea kutafuna majani. Wiki iliyopita nilimpanda, na niliandika hapa kwa herufi kubwa zote, mtanisamehe. Lakini mimi siye mtihani. Mtihani ni Baba Yoramu: mzito, ana sauti ya sokoni, na haraka zake hazina breki.

Leo asubuhi kafika na pikipiki yake, koti zito, kofia ya pama. Mwanaisha alikuwa amekwisha kufika, yule mwanafunzi wangu nesi wa Tanga. Aliegemea uzio, ncha ya mtandio kaiuma kwa meno.

Baba Yoramu hakupoteza muda. Moja kwa moja kwenye tandiko, nililokuwa nimeshamfunga Shangazi mgongoni. Shangazi akampa makalio. Akazunguka upande wa pili. Makalio tena. Mara ya tatu akasimama, akahema, akatazama msumari wa mlangoni.

"Mwalimu, leta chuma."

Moyo ulishuka mpaka kwenye buti. Nilikuwa na hotuba nzima nimeitayarisha juu ya mabwana wa zamani na mikono myepesi, yote ikayeyuka. Kilichonitoka ni hiki:

"Baba Yoramu, umemsalimia?"

"Nani? Farasi?"

"Anaitwa Shangazi. Wewe shangazi yako unamfikia tu ukamdaka mgongoni?"

Mwanaisha ndiye aliyecheka wa kwanza. Baba Yoramu akacheka pia, halafu akaacha. Nimekaa na Waha kiasi cha kujua: mtu wa umri wake ukimuuliza kama amesalimia, hawezi kuliacha swali hilo lipite. Akavua kofia. Akainama kidogo. Na kabla sijafungua mdomo, akapiga makofi.

Makofi! Wiki zote zile nimemfundisha Shangazi mkono, kimya, kamba, tandiko. Makofi sikumfundisha hata siku moja, kwa sababu mimi si wa hapa, salamu yangu kwake ilikuwa ya mkono mtupu. Na makofi kwake ni Kibondo.

Aliruka. Alikwenda mpaka kona ya mwisho ya uwanja, kichwa juu, pua zimepanuka, anatetemeka ngozi nzima. Nikaliona lori la Jumatatu. Wallahi nililiona, na turubai lake.

Nilitaka kusema "acha, Mzee, inatosha." Lakini Baba Yoramu alikuwa ameshaingia kwenye salamu, na salamu ya huku ikianza haikatwi katikati. Hakumfuata. Alibaki pale pale ameinama, akapiga tena makofi, safari hii kwa viganja vilivyokunjwa, sauti ndogo kama ya mtu anayepukuta unga.

"Mwakeye, Shangazi."

Ndiyo "umeamkaje" ya Kiha. Akanyamaza, kama anayesubiri kujibiwa.

"Amahoro?"

Anamuuliza kama kuna amani. Akanyamaza tena. Akaendelea kwa Kiha, mengine siyajui, nilisikia usiku, nikasikia nyumbani, nikasikia maharage. Kila neno na makofi yake madogo, kila makofi na kimya chake. Sauti ya sokoni ilikuwa imekwenda, sijui ilikwenda wapi. Mwisho akasema kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie:

"Pole na ya Kibondo. Yule kijana alikuvuta vibaya. Na mimi ndo nilompa hatamu."

Sikio moja la Shangazi likageuka. Halafu la pili. Kichwa kikashuka, akaanza kutafuna, na mdomoni hana kitu. Farasi akitafuna hewa namna ile, ujue hofu inamtoka. Nilimshika Mwanaisha mkono nikamfinya, maskini, kesho atakuwa na alama.

Shangazi akaja mwenyewe. Taratibu, akisimama njiani, akija tena. Akainusa kofia ya Baba Yoramu ndani na nje, akapumua ndani yake.

Sasa nikatoa mfukoni uzi wa cherehani. Nikafungia hatamu kwenye pete ya kamba, huku na huku. "Ukikatika, unashuka," nikamwambia. Nilitegemea abishe. Badala yake akaushika kati ya vidole, akausugua, na sura ikambadilika. Yule mwenye duka akaondoka, nikamwona fundi.

"Huu ni wa vitambaa vyepesi," akasema. "Uzi kama huu hauvutwi, mwalimu. Unafuatwa."

Miaka yangu yote ya kufundisha sijawahi kulisema vizuri hivyo. Nimeliiba, kuanzia leo ni langu.

Akapanda juu ya jiwe, akaupitisha mguu polepole, akakaa. Shangazi akasimama. Nikamwambia asifanye lolote, atazame tu mikaratusi anakotaka kwenda. Akatazama. Shangazi akaenda! Mwendo wa kawaida, shingo imelala, mkia unacheza, yule mtu mzito juu yake amekaa wima kama yuko mbele ya cherehani. Wakazunguka uwanja. Wakageuka. Nikampigia kelele ya chini kwa chini, "Toa pumzi yote, kaa kama gunia la muhogo." Akatoa pumzi. Shangazi akasimama palepale.

"Yebaba we! Kasimama! Sijafanya kitu!"

"Ndiyo hivyo, Mzee, hivyo hivyo!" Nilikuwa narukaruka kama mtoto, mwalimu mzima.

Mwanaisha akaachia kigelegele. Kigelegele cha Tanga, kile kirefu. Halafu akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka, na mimi nikamgeukia Shangazi haraka. Shangazi akazungusha sikio moja upande wake. Basi. Sikio moja tu, akaendelea kusimama.

Hapo ndipo nilipolia. Sina sababu ya kuficha, hii ni shajara yangu.

Uzi haukukatika. Baba Yoramu aliposhuka aliufungua mwenyewe, akauzungushia kidole, akautia mfuko wa shati. Akapiga simu mbele yetu: lori Jumatatu lisisimame kwake, lipite tu. Na kile chuma? Alikitoa kwenye msumari akakitupia kwenye boksi la vyuma chakavu, halafu akavaa kofia, akasema ana wateja wanamsubiri dukani, akaenda zake kwa haraka zile zile za siku zote.

Tukasikia pikipiki inawaka, inateremka. Mimi na Mwanaisha tukabaki tunacheka hovyo tu. Mara mlio ukakatika. Nikajua mafuta yameisha, au amebadili mawazo. Baba Yoramu akarudi akipanda mlima kwa miguu, anahema, kofia mkononi. Akatupita kama vile hatupo. Akaenda hadi uzioni, akainama kidogo.

"Nilikuwa naondoka bila kuaga," akamwambia Shangazi.

Akamuaga kwa Kiha, bila kuruka kitu. Makofi, kimya, makofi. Shangazi akatafuna hewa yake. Kisha yule mzee akateremka tena kwenye pikipiki yake.

Mimi hakuniaga, na wala sikudai.

Kesho nitapanda mlimani mapema, kabla ukungu haujaondoka. Nitaingia uwanjani, nitasimama pembeni kama kawaida yangu. Ila mkono sitauacha chini tena. Nitainama kidogo, nimpigie makofi madogo, nimsalimie kama anavyosalimiwa mtu wa hapa.